Mbuzi wa Kusemea

Nzaui, kwa njia ya stesheni ya Emali
14 Juni 1936

Kwa Mjomba Kilonzo, Migwani, Kitui.

Mjomba wangu, shikamoo, na tafadhali kaa chini kwanza, maana barua hii ni ndefu na najua magoti yako. Dada yako, yaani mama yangu, anakusalimu sana. Lile jino lililomtesa tangu Pasaka limeng'olewa, na sasa kinywa kimepata nafasi ya kunigombeza vizuri zaidi. Anauliza kwa nini mwanamume wa umri wangu hana mke. Anasema jibu analitaka kwako, kwa sababu langu amelichoka. Mahindi yameungua yote kwa jua, lakini mbaazi zimetuokoa. Mkeo Mama Mutindi hajambo? Na yule ng'ombe wako mwenye pembe moja bado anavunja boma?

Sasa nifike kwenye shida yangu. Umeshasikia kwamba serikali imeleta mpango mpya wa elimu kwa shule zetu za vijijini. Watoto watasoma vitabu saa moja tu kwa siku. Saa zilizobaki ni jembe, kusuka kamba za mkonge na kuchimba matuta. Mjomba, mimi sina ugomvi na jembe. Lakini watoto hawa wanalima kwao kabla hawajafika shuleni, wakitoka wanaenda kuchota maji mtoni, halafu nami niwape jembe tena katikati? Mpango huu ameuandika mtu ambaye hajawahi kushika chaki mbele ya watoto wetu hata asubuhi moja. Hakuna mwalimu aliyeulizwa, si mimi wala wenzangu.

Mwezi wa Novemba Bwana Mkaguzi wa elimu atakuja hapa Nzaui kukaa na baraza la wazee wa lokesheni, yaani eneo letu lote, wazee waseme kama wanaukubali. Nikamwendea mzee Kivuva, mwenyekiti wao, nikamwomba nafasi ya kusema siku hiyo. Akanitazama kutoka viatu mpaka kofia. Akasema, "Kijana, wewe umetoa mbuzi gani?" Kumbe kwenye baraza lile hasemi mtu ambaye hajatoa mbuzi wa kuingia uzee. Wewe elimu yako haihesabiki, ni mbuzi tu!

Basi nifundishe, Mjomba. Baba yangu alikufa kabla hajanionyesha mambo haya, na baba mdogo Nzioka nikimuuliza anacheka tu. Mbuzi huyo hutolewaje? Na tena niambie, huko Kitui walimu wameulizwa?

Ni mimi mpwa wako anayekutegemea,
Muthama


Migwani
2 Agosti 1936

Kwa mpwa wangu Muthama.

Marahaba. Nimekaa, na magoti yangu hayakuhusu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sababu ya raha. Mwalimu mzima, anayevaa soksi, anauliza habari za mbuzi! Nakujibu kwa Kiswahili changu cha reli, nilichojifunza nikilinda bohari kule Voi, ili Mama Mutindi asijue ninachosema. Yeye anasoma Kikamba cha misheni vizuri kuliko mimi, na hakuna barua inayopita hapa bila yeye kuipitisha machoni. Akiona Kiswahili anairudisha mezani akisema ni mambo ya serikali.

Ng'ombe wa pembe moja yu hai, na wiki jana aliingia kanisani katikati ya mahubiri. Mvua hakuna. Mwambie dada yangu kwamba wewe huna mke kwa sababu unaongea sana, na wanawake wanapenda kupata zamu.

Haya, mbuzi. Awe dume, mzima, wa rangi moja, asiwe na kovu wala sikio lililopasuka. Umpeleke akiwa hai, umkabidhi, kisha usimame kando. Wazee wenyewe watachinja. Nakuandikia neno hili kwa herufi kubwa ulione hata ukiwa mbali: USIGUSE KISU. Kila mzee ana sehemu yake ya nyama kwa daraja lake, na anayekata ni yule anayezijua sehemu zote na makosa ya kila tumbo. Wewe hujui. Usikate, usigawe, usisaidie. Ukipewa kipande kidogo cha mwisho, kula na ushukuru. Baada ya hapo watakusikiliza, au angalau hawatakufukuza.

Barua hii naipa Roble, yule Msomali anayenunua ng'ombe huku na kuwapeleka kwenye gari moshi Emali. Ni mtu mwaminifu, na anaondoka kesho. Itakufikia kabla ya wiki mbili.

Yule ndama wa Machi amekua, utampenda.

Mjomba wako asiye na haraka,
Kilonzo


Nzaui
20 Septemba 1936

Mjomba mpendwa,

Nakusalimu nikiwa na afya ya mwili, ya roho tutaona. Mama anakusalimu pia, lakini wiki hii haongei nami, kwa hiyo salamu amezituma kupitia jirani. Shuleni tuko salama. Kanisani nako ni kuzuri tu. Siku hizi nakaa mahali penye hewa.

Nilingoja barua yako tangu Juni, Julai, Agosti, mpaka nikaona aibu kumwuliza karani wa stesheni. Nikasema huenda ni mgonjwa, au magoti. Novemba inakuja, Mjomba, na mimi bado ni kijana asiye na mbuzi! Basi nikaamua mwenyewe. Mimi ni mtu mzima, nimesoma, kugawa mbuzi kutanishinda?

Nilipata dume zuri jeusi. Nikajua wazee ni watu wa heshima, si vyema kuwapa kazi ya kuchinja. Nikamchinja nyumbani, nikampika vizuri kwa chumvi na vitunguu. Halafu ikaja habari ya kugawa, na hapo ndipo mwalimu aliye ndani yangu alipojitokeza. Nilitaka haki, Mjomba. Niliogopa mmoja asije akapata kikubwa na mwingine kidogo, wakagombana kwa sababu yangu. Nikaazima mizani ya dukani. Nikatoa mifupa yote, nikachanganya nyama, paja na kidari na shingo na utumbo, nikapima, na kila mzee nikampa fungu lake kwenye jani la mgomba. Mafungu yote sawasawa kabisa. Hata nyongeza ndogo niliigawa.

Nilisimama pale nikitabasamu. Hakuna aliyekula.

Mzee Kivuva alifungua jani lake, akatazama. Akafungua la jirani yake, mzee aliyeingia uzee juzi tu wakati wa mavuno, akatazama. Akauliza kwa sauti ya chini, "Kidari changu kiko wapi?" Nikamwambia kwa furaha kwamba kidari kimo kwenye mafungu yote, kila mtu amepata kidogo. Mjomba, ungedhani nimemtukania mama. Wazee wale walisimama wote pamoja. Mmoja alilia. Alisema amengoja paja lile tangu awe kijana, na leo amepewa utumbo uliopimwa.

Baba mdogo Nzioka alikuwa pale pale. Hakucheka mara hii, aliziba uso kwa kofia.

Wakakaa kando, wakarudi na hukumu. Mwalimu Muthama atozwe faini ya mbuzi mwingine, kwa kuwafanya wazee watoto wa darasa moja. Yule wa kwanza hahesabiki kuwa ametolewa, kwa sababu aliletwa akiwa mchuzi. Nimelipa faini. Sina mbuzi mwingine wa kuingilia uzee, na hata ningekuwa naye, nani atampokea kwangu? Bwana Mkaguzi atakuja, mpango utapita, na mimi nitakuwa nje nikisikiliza kupitia ukuta. Nimeumia, Mjomba. Ninacheka nikikuandikia, lakini nimeumia kweli.

Kitui walimu wameulizwa? Hukunijibu, au ulijibu na barua ikapotea.

Mpwa wako mpima nyama,
Muthama


Nzaui
4 Oktoba 1936

Mjomba,

Salamu fupi, mama hajambo, ameanza kuongea.

Barua yako ya Agosti imefika LEO. Roble amekuja nayo mwenyewe mpaka mlangoni, anaona haya. Ng'ombe wake waliwekwa karantini njiani kwa ajili ya ugonjwa, naye akakaa nao porini wiki baada ya wiki, barua yako ikiwa ndani ya kilemba. Nikaifungua mbele yake. Neno la kwanza nililoliona ni lile la herufi kubwa.

Usiguse kisu! Usikate! Usigawe! Wee Mjomba! Nilipiga kelele mpaka Roble akashika fimbo yake akidhani kuna nyoka. Nikamweleza kisa chote. Alicheka mpaka akakaa chini. Hata kwao, anasema, mgeni hapewi sehemu ya mtoto, na yeye hajawahi kusikia mbuzi aliyegawanywa kwa mizani tangu azaliwe.

Nisaidie kama bado kuna msaada.

Muthama


Migwani
25 Oktoba 1936

Kwa mpwa wangu mwenye haki nyingi,

Marahaba, na pole, na tena pole. Tumepata manyunyu. Ng'ombe wa pembe moja amepata mimba, hatujui ni kwa nani. Mama Mutindi anakusalimu na anataka kujua kwa nini nacheka peke yangu chooni. Nimemwambia ni mambo ya serikali.

Roble amefika huku bila ng'ombe safari hii, na mdomo wake haukuwekwa karantini. Amenieleza yote, pamoja na lile ulilonificha. Hukuniambia kwamba mzee wa kanisa Jonah amekuondoa kwenye Meza ya Bwana kwa kosa la kupeleka mbuzi kwenye baraza la watu wa pombe. Hukuniambia unakaa benchi la nyuma kabisa, pale wanapokaa walevi na waliooa wake wawili. "Mahali penye hewa"! Kijana, mimi ni kaka ya mama yako. Mambo kama haya usinifiche. Nilikaa nayo siku nzima moyo ukiniuma. Wewe unayependa kuimba ile sauti ya chini, kukaa nyuma kimya? Nimekasirika na Jonah, nimekasirika na wewe, na ningekuwa na magoti mazuri ningekuja huko kwa miguu.

Lakini nilipomaliza kukasirika nikaanza kufikiri. Sikiliza sasa, na usome polepole.

Mtoto akivunja chungu cha jirani, nani hutozwa? Baba yake. Kijana ambaye hajaingia uzee akikosea, nani huitwa? Baba, na kama baba amekufa, baba mdogo. Nzioka alikuwa pale pale, wewe mwenyewe umeandika. Je, walimwita Nzioka? Hapana. Walimtaja nani kwenye hukumu? Mwalimu Muthama. Mbuzi wa faini alitoka boma la nani? Lako. Alipokelewa na nani? Na Kivuva kwa mikono yake miwili, na nina hakika safari hii alikula kidari chake.

Hakuna baraza la Wakamba linalotoza faini mtoto. Faini ni ya mtu mzima mbele ya wazee wenzake. Siku ile walipokutoza, walikuingiza. Walikuwa na hasira, hawakuona wanachofanya, lakini walifanya na wakala. Hawawezi kuitapika.

Kwa hiyo siku ya Bwana Mkaguzi usiombe nafasi. Anayeomba nafasi ni mtoto. Wewe simama tu useme, na wakikuuliza wewe ni nani, wajibu.

Na Jonah naye mwambie hukujiunga na kitu. Ulitozwa faini, na Mkristo hulipa faini kama mtu mwingine yeyote.

Barua hii inakuja na Roble, na nimemkataza kununua hata mbuzi mmoja njiani.

Mjomba wako,
Kilonzo

Swali lako la Kitui nimeliona. Karatasi imeisha.


Nzaui
22 Novemba 1936

Mjomba wangu, mjomba wangu kabisa,

Nakusalimu nikiwa nimelowa, maana mvua imetukamata vizuri na paa la shule linavuja upande wa ubao. Mama amepanda mbaazi mpaka kwenye njia ya kwenda chooni. Anakusalimu kwa sauti ambayo huenda umeisikia bila barua.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku. Bwana Mkaguzi alikuja na motokaa, ikakwama, ikasukumwa na watoto wangu wa darasa la pili, na nadhani hiyo ndiyo elimu ya mikono waliyoikusudia. Wazee walikaa kwa daraja zao. Mimi nilisimama mwisho, karibu na mlango. Karani akasoma mpango. Mzee Kivuva akauliza kama kuna mwenye neno, kwa ile sauti ya mtu ambaye hataki neno.

Nikasema, "Ninalo."

Kivuva akageuka. "Nani huyo kijana anayesema?"

Nikamwambia, "Ni mimi, mzee, yule mliyemtoza faini."

Mwanzoni hakuna aliyeelewa. Halafu nikaona jambo lile likipita kutoka uso mmoja hadi mwingine. Mmoja akaanza kusema yule ni mtoto tu, jirani yake akamvuta shuka. Kama ni mtoto, basi walikula mbuzi wa mtoto, na aibu hiyo nani ataibeba? Baba mdogo Nzioka akaanza kucheka kwa chini chini, akashindwa, akacheka kwa nguvu, na wengine wakamfuata. Yule mzee wa paja alicheka mpaka akakohoa. Kivuva alikuwa wa mwisho. Akasema, "Haya, mzee mwenzangu, sema. Lakini usitugawie kitu."

Nikasema, Mjomba. Nilimwambia Bwana Mkaguzi kwamba darasani kwangu kitabu ni kimoja kwa watoto sita au saba. Wanakizunguka wakiwa wamekaa chini, kitabu kikiwa katikati. Wale wanaokaa upande wa pili wanakiona kikiwa kichwa chini. Na hivyo ndivyo walivyojifunza. Nikamwambia ninao watoto watatu wanaosoma bila kukwama kitabu kikiwa kimepinduliwa, na ukikiweka sawa hawajui hata herufi moja. Saa zote tulizonazo sasa hazitoshi kuwageuza upande mwingine, je, ikibaki moja tu kwa masomo yote?

Bwana Mkaguzi alicheka. Akadhani natania. Nikamwita Kasyoka, binti wa jirani yetu, nikamwekea mbele yake kitabu kikiwa kichwa chini kwake. Akasoma ukurasa mzima, wazi, bila kusita. Nikakigeuza. Akanyamaza, akaniangalia, machozi yakamjaa kwa kuwa alidhani amekosa. Nikamgeuzia tena upesi, nikamwambia amefanya vizuri sana.

Bwana Mkaguzi hakucheka tena. Aliuliza kwa nini ofisini kwake hakuna anayejua jambo hili. Nikasema, "Bwana, kwa sababu hakuna aliyetuuliza."

Wazee waliongea mpaka mvua ikaanza. Hukumu yao ni hii. Mpango haukukataliwa, ila umerudishwa. Walimu wote wa lokesheni wakutane Januari, waseme saa ngapi za vitabu na saa ngapi za jembe, ndipo wazee wauangalie tena. Na kuanzia sasa neno lolote la shule likija barazani, mwalimu akae ndani. Bwana Mkaguzi ameandika hayo na kutia sahihi. Sijui watu wa Nairobi watafanya nini nayo. Lakini imeandikwa.

Jonah bado hajanirudisha mbele. Nilimweleza ile habari ya faini, akasema ataiombea. Lakini leo ibadani tulipoimba alisimamisha wimbo, akasema kwa wote kwamba sauti ya chini haisikiki. Nikaimba kutoka benchi la walevi, wakaniunga mkono.

Asante, Mjomba. Sina neno kubwa zaidi ya hilo. Karatasi nakutumia ndani ya barua hii, mbili, ili zisikuishie tena. Huko Kitui walimu wameulizwa?

Mpwa wako, mzee wa kutozwa,
Muthama


Migwani
9 Desemba 1936

Kwa mzee mwenzangu Muthama,

Ndiyo, umesoma sawa, mzee mwenzangu. Barua yako nimeisoma, nikaenda kuketi kwenye boma la ng'ombe ili nilie bila Mama Mutindi kuniuliza ni mambo gani ya serikali. Baba yako angekuwepo angetembea Nzaui nzima akiwaambia watu wasiouliza. Mimi nimemfanyia kazi hiyo huku Migwani. Hata wenye maduka wamechoka nami. Mvua ni nyingi, ndama hajambo, ng'ombe wa pembe moja amevunja boma.

Karatasi zako nimezipata, na sasa sina pa kujificha. Umeniuliza tangu Juni, nami nimekujibu habari za ng'ombe. Hapana, Muthama. Huku hawajaulizwa. Mpango ni ule ule, utakuja mbele ya baraza letu Jumatatu hii, na mimi ni mmoja wa wale wanaokaa ndani. Kila walimu wetu wanapokuja, wanakaa nje kwenye upenu mpaka karani atoke awaambie kilichoamuliwa, halafu wanasema asante, wanaenda. Nimewapita pale mlangoni miaka yote, nikawasalimu vizuri, nikaingia. Haikunijia hata siku moja kwamba ni ajabu. Ni ile barua yako ya kwanza iliyoanza kunikera, kama mchanga kwenye kiatu.

Kwa hiyo jana nilifanya kazi. Nilikwenda shuleni na wazee wawili wa baraza niliowaandaa kwa pombe ya asali, Jonah wako asisikie. Tukawatoza faini walimu wote wanne wa Migwani, mbuzi mmoja mmoja, kwa majina yao, baba zao wakiwa wamesimama pale pale wakituangalia. Mbuzi wenyewe wametoka boma langu, lakini majina ni ya walimu. Mama Mutindi amewaona wakitoka, na leo nakula ugali mkavu.

Walimu walishtuka sana. Watatu walishika kofia mikononi. Wa nne ni Mutie, mdogo wao, amefundisha mwaka mmoja tu. Alikuja mbele yangu, akaniuliza amekosa nini.

Nikamwambia, "Hilo hata mimi sijui bado. Wewe nyamaza sasa, mwanangu. Utasema Jumatatu."

Mjomba wako,
Kilonzo